Vibanio vyangu vimekwisha

Ohio, Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila leo nimekwenda kanisani nimejifunga kitambaa, maana vibanio vyangu vya nywele Agnes amevimaliza.

Juzi amemaliza wiki moja ya kambi ya sayansi ya ASM, kile chama cha wahandisi wa metali chenye makao hukuhuku Ohio, pale penye kuba kubwa la alumini. Hatukulipa hata senti. Mwanzoni nilisita, unanijua mimi na vya bure. Kumbe makambi hayo yapo tangu mwaka 2000, na fedha zinatoka kwa mfuko wao wa elimu na kwa wenye viwanda. Hao nao wanatafuta mafundi wa kesho, si sadaka ile. Mimi sina neno.

Sasa sikia alivyonifanyia jikoni. Alikishika kibanio kwa koleo, akakitia kwenye moto wa gesi mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe chenyewe. Akanipa. Kikapinda kama uzi, wala hakikurudi. Cha pili akakichoma vilevile, ila hiki akakichovya kwenye maji baridi, chwaa! Kukigusa tu, kikakatika kama njiti ya kiberiti. Cha tatu akakichoma, akakichovya, akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, halafu akakirudisha juu ya moto, taratibu, kwa mbali. Kikaanza kugeuka manjano, kahawia, kisha buluu. Hapo hapo akakitoa. Nikakipinda, kikaruka kurudi mahali pake. Chuma ni kilekile, mama, siri yote iko kwenye moto na maji.

Nikamwambia, haya mbona nimeyaona! Si kwa baba yako mkubwa, mhunzi wa kule kwetu Mamba, tulipokuwa tukivuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi na kufukuzwa kwa kuchezea panga za watu? Agnes hakuamini. Aliniuliza maswali mpaka saa sita usiku.

Basi likizo ya Juni ijayo mpeleke Neema kwa mzee akakae siku chache, ashike nyundo, si kutazama tu. Nauli nitatuma mimi.

Na Agnes anauliza: mzee anachovya kwenye maji au kwenye mafuta? Na rangi anaiona vipi kibandani mle, gizani?

Wako,
Mama Agnes