Kabla ya kufungua injini, zungusheni feni kwa mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba Land Cruiser kuukuu zinazochemsha kwenye milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, zipigwe marufuku kubeba watalii. Gari kuzimika mlimani giza likiingia, na ndani mna wageni, ni hatari kweli, hapo tuko pamoja. Lakini mimi ndiye ninayeendesha gari la namna hiyo, Land Cruiser ya toleo la 80 Series yenye injini ya dizeli ya 1HZ, na kila ninaposimama kumsaidia dereva mwenzangu aliyekwama njiani nakuta jambo lile lile: feni ya kupoza injini imekufa, na hakuna fundi aliyeigusa.

Mwezi wa nne nilitoka Kampala alfajiri na wageni watatu. Masaka, Mbarara, Ntungamo, nilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa na mshale wa joto umetulia mahali pake. Tulipoacha lami baada ya Kabale na kuanza kupanda kuelekea Ruhija, kwenye msitu wa Bwindi, gia ya pili, halafu ya kwanza, mshale ukaanza kutembea. Niliposimama injini ikiunguruma, ukapanda zaidi. Harufu tamu ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ikatuingia ndani. Nilizima AC, nikafungulia hita mpaka mwisho ili itoe joto kwenye injini, tukashusha vioo vyote, tukapanda kidogo kidogo tukipumzika. Tulifika saa moja usiku. Wageni walikuwa waungwana, ila mama mmoja hakusema neno tangu tulipoanza kusimama, na mimi najua aliogopa.

Habari hiyo peke yake ni nusu ya jibu. Kwenye lami gari likikimbia, upepo wa njiani unapoza rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini, hata kama feni haifanyi kazi. Mlimani kwa gia ya kwanza upepo huo haupo, kazi yote inabaki kwa feni. Gari linalochemsha likipanda polepole na kupoa likikimbia, tafuta kasoro kwenye hewa. Lile linalochemsha likikimbia tambarare, hapo tazama maji: rejeta iliyoziba, pampu, au thermostati, kile kilango cha maji kinachofunguka injini ikipata moto.

Nilimweleza hivyo fundi wa gereji moja mjini. Hakunisikiliza. Safari iliyotangulia alikuwa ameshang'oa thermostati na kuitupa, na sasa akataka kuinua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, eti gasketi iliyo chini yake imeungua. Gharama shilingi 2,400,000. Bosi wangu alikuwa tayari kulipa. Nilimwomba siku moja tu, mzee wa watu akanikubalia.

Nikaenda na gari nyumbani Bombo, likalala. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, ufunguo mfukoni, nikafungua boneti na kulisukuma panga moja la feni kwa kidole. Ikazunguka, ikazunguka, nikahesabu raundi tano kabla haijasimama. Jirani ana Land Cruiser ya injini kama hiyo. Tukasukuma ya kwake kwa nguvu ile ile: haikumaliza hata raundi moja, ilienda kwa uzito kama mwiko ndani ya uji mzito. Nikarudi kwa yangu na tochi. Kuzunguka habu ya feni, yaani kitovu chake, pale nusu zake mbili zinapokutana, kulikuwa na duara la vumbi jeusi lililogandia mafuta. Nililifuta kwa kidole, likateleza.

Wasomaji wengi hawaijui habu hii, nayo ndiyo roho ya jambo lenyewe. Feni ya injini hii haikufungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji. Katikati kuna habu yenye mafuta mazito ya silikoni. Mbele yake kuna kichuma kilichojikunja kama springi. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa moto, kichuma kinajipinda na kufungua kijitundu, mafuta yanaingia kwenye mifereji ya ndani na kuishika feni izunguke kwa nguvu. Hewa ikipoa, mafuta yanarudi kwenye chumba chake humo ndani na feni inalegea. Mafuta yakivuja, feni utaiona inazunguka, ukidhani ni nzima, kumbe inazungushwa kivivu tu na hewa haivuti.

Tulifungua nati nne, tukatoa habu, tukaweka alama kwenye nusu zote mbili kabla ya kuzitenganisha. Ndani palikuwa pakavu. Duka moja la spea Ndeeba lilikuwa na mafuta yenyewe ya silikoni, yale ya vichupa vidogo vya mililita 18, tukatia viwili na kubadili sili. Oili ya injini haifai hapo, ni nyepesi mno. Kesho yake asubuhi, nilipowasha tu, feni ilivuma kama upepo wa mvua, baada ya muda mfupi ikanyamaza. Ndivyo inavyotakiwa, mafuta yaliyolala ndani yanaishika kwanza kabla hayajarudi chumbani. Nikaziba rejeta kwa kipande cha boksi, macho yangu kwenye mshale, nikingoja. Mshale ulipoanza kunyanyuka, ule mvumo ukarudi wenyewe. Nikaita watoto waje wasikie.

Thermostati nayo tulinunua mpya. Mafundi wetu wanaamini kuing'oa kunapoza injini. Katika injini nyingi za aina hii, thermostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ile inabaki wazi siku zote. Kofia ya rejeta, ile inayobana maji yasichemke mapema, pia ibadilishwe ikichoka. Juu ya mita 2,000, kama kule Ruhija, maji yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayangoji 100. Ila msifungue kofia hiyo injini ikiwa moto. Kijana wetu mmoja aliifungua Kabale na mkono wake wa kulia una kovu mpaka leo.

Linaloniumiza zaidi ni kuchomelea habu. Nimeyaona magari matatu yaliyofanyiwa hivyo. Feni inakuwa kitu kimoja na pampu, inakula nguvu ya injini wakati wote, na ukivuka mto wenye kina, kama njia za Ishasha mvua ikinyesha, mapanga yanashika maji, yanapinda mbele na kuikata rejeta. Habu nzima ingeteleza na kuyaokoa.

Wenye RAV4 na magari mengine ya feni za umeme, kipimo chenu ni rahisi: washeni AC injini ikiunguruma, feni isipoanza tazameni fyuzi, rilei (swichi yake ya umeme) na plagi yake. Msikubali fundi apige dairekti, yaani avute waya kutoka betri hadi kwenye feni bila fyuzi. Waya ule ukipata joto unawaka moto chini ya boneti, na wewe huna habari.

Kwa hiyo namwomba msomaji mwenzangu, na wote wenye kampuni za watalii, kabla hamjalipa pesa ya kufungua injini au kulitupa gari, mwambieni fundi asukume feni kwa kidole mbele yenu asubuhi injini ikiwa baridi. Muulizeni dereva gari lilichemshia wapi na kwa gia gani, na fundi awe anasikia. Rejeta ioshwe matope na mbegu za majani kila baada ya safari, kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa injini kwenda nje. Kava la plastiki linaloizunguka feni lirudishwe, maana wengi wanalitupa likivunjika, na bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya ile ya kwenye rejeta.

Gari langu limepanda Ruhija mara nne tangu siku ile. Silinda hedi haijafunguliwa.

Dereva wa watalii,
Bombo