Mtetea wa kienyeji anatosha

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba kuvua samaki aina ya trauti kwa inzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa uzi na manyoya ifanane na mdudu, ni mchezo wa wenye pesa, eti manyoya yenyewe lazima yaagizwe Ulaya. Mimi ni fundi cherehani hapa Ilala. Nimekulia Tukuyu, na trauti nilimjulia Mto Kiwira, kwenye maji baridi ya kule juu. Joto la Dar halimfai. Kwa hiyo inzi nawafunga huku, kuvua navua nikienda nyumbani.

Ni kweli Waingereza wa Yorkshire hutumia unyoya wa kwale wa kwao na uzi wa hariri wa rangi ya chungwa. Lakini tazama kazi ya unyoya ule. Ukiingia majini unalegea, vinywele vyake vinachezacheza kama miguu ya mdudu anayepanda kutoka chini ya mto. Kinachotakiwa ni ulaini, si kwale. Mimi nachukua unyoya wa shingoni wa mtetea wa madoadoa, kwa muuza kuku wa Singida pale Buguruni. Ananipa bure, anaona nina wazimu. Wa jogoo usiguse, ni mgumu. Niliwahi kununua dukani inzi sita waliofungwa kwa manyoya ya jogoo, yamesimama wima kama mswaki. Nikarudi mikono mitupu.

Ndoana natumia namba 14. Uzi naupitisha kwenye nta ya nyuki, nauviringisha kutoka kwenye tundu hadi pale ndoana inapoanza kupinda, halafu narudi. Shinani mwa unyoya natoa yale malaika, nauzungusha mara mbili, nafunga. Mbili tu, jamani! Vijana wangu wawili niliowafundisha huzungusha tano, linatoka fagio.

Mtoni, rusha kukatisha maji, uache mkondo ubebe mshipi taratibu mpaka unyooke upande wa chini yako. Hapo mwishoni, inzi anapoanza kuinuka, ndipo trauti anapogonga. Usinyakue, kaza mkono tu, mwenyewe amekwisha kujinasa.

Msomaji huyo akipita Ilala aje na ndoana zake. Uzi ninao, wa chungwa na wa njano. Kuku tutamfuata Buguruni, ila twende alfajiri, kabla hawajaanza kuwatia kwenye maji ya moto.

Fundi cherehani,
Ilala, Dar es Salaam