Barua ya udahili ikiwahi, usisaini kwa hofu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji niseme na vijana wenzangu wanaojiandaa kuomba masomo ya uzamivu Marekani. Maombi mengi hufungwa Desemba, usaili huja Januari na Februari, na hapo katikati ndipo nilipokaribia kukosea.

Mimi ni mzaliwa wa Kirumba, mtafiti msaidizi wa mambo ya samaki. Niliomba vyuo vitano. Katikati ya Januari, nikiwa Mwaloni, soko letu la samaki, napima dagaa kwa ajili ya kazi yetu, barua pepe ikaingia: chuo kimoja kimenikubali, ada kinalipa, posho kinatoa, na kinaomba jibu ndani ya siku 14. Vyuo viwili vilikuwa vimenipangia usaili Februari. Vingine kimya.

Nyumbani ikawa sherehe. Baba mdogo alikuja kutoka Buzuruga na kreti ya soda. Nilipomwambia nataka kusubiri usaili, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, fimbo iliyo mkononi ndiyo iuayo nyoka. Wakiona unasitasita watampa mwingine." Sikumlaumu. Sisi tumezoea dirisha kufungwa ukiwa bado kwenye foleni. Usiku ule nilifungua fomu ya kukubali mara tatu.

Aliyenizuia ni mhadhiri wangu mmoja kati ya walioniandikia barua za mapendekezo. Aliniuliza kama najua habari ya tarehe 15 Aprili. Sikuwahi kuisikia. Kumbe vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano ya baraza lao, Council of Graduate Schools, kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe hiyo. Orodha ya vyuo vilivyosaini iko wazi kwenye tovuti yao. Nikatafuta, nikakiona chuo changu. Lakini angalieni: makubaliano hayo yanahusu ufadhili, na si kila chuo kimo. Ukikubaliwa bila ufadhili, au Uingereza, tarehe ya chuo chenyewe ndiyo tarehe.

Niliwaandikia hivi: "Nashukuru kwa moyo wote. Nina usaili mwingine Februari, na nataka nikiwapa jibu liwe la uhakika. Je, naweza kujibu kufikia tarehe 15 Aprili?" Nikauliza pia posho ni ya miaka mingapi, miezi ya likizo ndefu inalipwa au hailipwi, na bima ya afya ni juu ya nani. Sikuomba radhi, wala sikuwatajia kanuni kama mtu anayetishia. Kesho yake walijibu: hakuna tatizo. Siku 14 zilizonikosesha usingizi ziliondoka kwa barua ya mistari mitano.

Vyuo viwili vya usaili niliviambia ukweli kwamba tayari nina nafasi mahali. Kimoja kikauwahisha usaili kwa wiki nzima.

Usaili ule sitausahau. Kwao ilikuwa saa 4 asubuhi, kwetu saa 12 jioni, na umeme ulikatika dakika ya kumi. Nikaendelea kwa simu, bando likipungua. Profesa akauliza kwa nini nataka kusomea furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Nikamweleza habari za bibi yangu wa Ukerewe, anayetaja majina ya furu ambao mimi, pamoja na kupima samaki kila wiki, sijawahi kuwaona wavuni. Sangara, samaki anayekula samaki wenzake, aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka au zikawa adimu. Bibi anayakumbuka majina, samaki wenyewe hawapo. Nataka kujua ni wapi waliobaki wamejificha. Chuo cha kwanza, pamoja na wema wake, hakikuwa na mtu wa kunifundisha hilo.

Machi profesa yule akasema ndiyo. Kabla sijakubali niliongea na wanafunzi wake wawili, nikasubiri suala la posho liandikwe kwenye barua. Siku niliyosaini, siku hiyo hiyo niliwaandikia wale wa kwanza kuwaachia nafasi yao. Wakajibu kwa upole kwamba yuko mtu aliyekuwa akiingoja. Hapa nasema kwa uchungu: nawajua wenzetu wanaoshika nafasi tatu hadi siku ya mwisho ilhali mioyo yao imeshaamua. Huyo anayengoja naye ana mama nyumbani.

Walimu wetu wa vyuo vya Mwanza, nawaomba mtenge saa moja tu, Novemba, muwaeleze wanafunzi haya. Mimi nasafiri Agosti. Kabla ya hapo, chuo chochote kitakachoniita, iwe Malimbe au Bugando, nitakuja na barua zangu zote wazisome.

Mtafiti msaidizi,
Kirumba, Mwanza