Yah: Vyuma vya paundi na vya kilo mmevichanganya, kiwiko changu ndo kimelipa

Kwa meneja wa jimu,

Habari za kazi bosi. Mi ni mwanachama wenu wa asubuhi, yule wa saa 12 kamili anaemkuta mlinzi bado anafagia, huu mwaka wa pili nalipa na ada sijawahi kuchelewesha hata siku moja, kwahiyo naomba hii barua isomwe yote na isijibiwe na ile meseji ya "tumepokea tutalifanyia kazi" maana hiyo nimeshaipata mara mbili.

Ishu ni vyuma, zile sahani za uzito za kupakia kwenye bomba. Tangu mlete ule mzigo wa mtumba, vile vyeusi vya mpira, mmevipanga stendi moja na vya zamani na vyote vimebaki na namba tupu, herufi za pembeni (kg au lb) mmezipiga rangi nyeusi sijui ndo kuvipendezesha. Vya zamani ni kilo. Vya mtumba ni paundi, vimetoka Marekani ambako jimu nyingi wanapimia paundi mpaka leo. Ile 45 angalau inajisema yenyewe, chuma cha kilo 45 mi sijawahi kukiona popote, balaa lipo kwenye 2.5, 5, 10 na 25 kwasababu hizo zipo pande zote mbili. Alafu paundi moja ni gramu 454 tu, hata nusu kilo haifiki.

Sasa mi napiga pulapu za uzito. Najifunga mkanda wa mnyororo kiunoni, chuma kinaning'inia katikati ya miguu, navuta mpaka kidevu kivuke bomba. Wengi hawaelewi kwamba kwenye hili zoezi mzigo ni chuma pamoja na mwili wako mwenyewe, kwahiyo kuongeza kilo 2 na nusu tu ni kazi ya wiki mbili tatu, na mtu akikuvusha hatua bila wewe kujua anaelipa ni kiwiko na bega, misuli inaweza kuvumilia ila kano hazina huo utani.

Miezi miwili nilikua nafunga 25, repu tano safi (yaani navuta mara tano mfululizo), seti nne. Kwenye simu nimeandika kilo 25, mtaani nimeshajitapa, shemeji yangu mpaka ameanza kuniita winchi. Jumanne ile mwenzangu akanifungia mkanda wakati mi napaka chaki mikononi, kachukua 25 ya juu kwenye stendi, nikaruka kwenye bomba nikahisi kama kuna mtu kanishika miguu. Ningeshuka. Ila si unajua tena, 25 niliyoizoea, na kuna watu wanaangalia, nikasema labda sijalala vizuri nikakaza. Repu ya pili kiwiko cha kulia upande wa ndani kikalia, na mpaka leo nabeba ndoo ya maji kwa mkono wa kushoto.

Nikaamua kuvipima. Nikapanda kwenye mizani yenu pale mapokezi ikaniletea 163, mi nikadhani hii mashine inapima urefu, kumbe na yenyewe kuna mtu kaibonyeza kitufe cha nyuma imehamia paundi! Nikairudisha, nikawa kilo 74. Nikashika 25 yangu ya siku zote: 85.3. Nikashika ile ya Jumanne: 99 kamili. Yaani kilo 25 zangu za kujitapa zilikua kilo 11 na kidogo, na siku hiyo nikaongezewa karibu kilo 14 kwa mpigo bila mtu kuniambia. Nilikaa chini kwenye benchi kama dakika kumi, na sijui kiwiko au aibu ndo ilikua inauma zaidi.

Na sio mimi peke yangu. Kuna mzee mmoja wa jioni alikua anapiga benchi, lile zoezi la kulala chali unasukuma bomba juu, akapakia 10 kulia na 10 kushoto, moja kilo moja paundi, hapo tofauti ni kilo 5 na nusu upande mmoja, bomba likalala, bahati vijana walikua karibu wakalidaka. Hiyo siku nyie mlisema mzee kachoka.

Dada wa mapokezi nilipomweleza akanijibu kwa upole tu "kaka si uangalie ukubwa". Dada mi simlaumu, ila hivi vya mpira vingi vina duara moja, kinachobadilika ni unene, na unene kila kiwanda na wake. Huwezi kupima kwa macho. Hebu chukulia muuza nyama wa hapo nje akukatie paundi akuchaji kilo, ungenyamaza? Yule mizani yake ina stika ya Wakala wa Vipimo na wateja wanamkagua kila siku, na anauza utumbo. Mwaka 1983 kule Canada kuna ndege kubwa ya abiria iliishiwa mafuta ikiwa angani kwasababu hesabu ya mafuta ilipigwa kwa paundi badala ya kilo, ikabidi rubani aishushe kavukavu, injini zimezima. Najua jimu sio ndege. Ila kosa ni lilelile.

Ninachotaka sio makubwa. Stendi ya paundi ikae ukuta wake na ya kilo ukuta wake. Kila chuma cha mtumba kiandikwe kilo zake halisi kwa rangi nyeupe, 25 iwe 11.3, 10 iwe 4.5, 5 iwe 2.3, ile 45 iwe 20.4. Hicho kitufe cha mizani kipigwe gundi. Na ada yangu ya mwezi huu, elfu 90, isogezwe mwezi ujao kwasababu wiki tatu hizi nafanya miguu tu kama mwendesha baiskeli, physio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kanikataza kuning'inia.

Jumamosi asubuhi nitakuepo. Mizani ya kuning'iniza nimeshaazima kwa jamaa yangu wa samaki, brashi ninayo, rangi leteni nyie.

Mwanachama wenu wa saa 12