Komoro haikufuzu kwa bahati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu uchambuzi uliochapishwa kwenye kurasa zako za michezo, uliodai kwamba Komoro ilifuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2025 kwa bahati na kwa uzembe wa Tunisia. Kwa heshima zote, mchambuzi wako ametazama matokeo bila kuuliza yalikotoka.

Januari 2022 nchini Kamerun, Komoro ikishiriki fainali hizo kwa mara ya kwanza, iliilaza Ghana mabao 3-2 na kutinga hatua ya 16 bora. Huko iliwakabili wenyeji bila kipa hata mmoja, kwani mmoja aliumia na wengine walizuiwa kwa sababu ya Uviko-19. Beki Chaker Alhadhur alikaa langoni akiwa na jezi ambayo namba 3 ya mgongoni ilibandikwa kwa utepe, na kiungo Nadjim Abdou akatolewa kwa kadi nyekundu mapema kabisa. Hata hivyo walifungwa 2-1 tu, na bao lao, mpira wa adhabu alioupiga Youssouf M'Changama kutoka mbali, lilikuwa miongoni mwa mabao mazuri ya mashindano yale. Sifa zilikuwa nyingi, lakini mwaka huohuo kocha Amir Abdou, aliyeijenga timu hiyo tangu 2014, alihamia Mauritania, na fainali zilizofuata Komoro ikazikosa.

Kazi ya kuijenga upya aliianza Mtaliano Stefano Cusin mwaka 2023. Novemba mwaka huo Ghana ilifungwa tena, safari hii 1-0 mjini Moroni, mji mkuu wa Komoro, kwa bao la Myziane Maolida. Kisha, kati ya Septemba na Novemba 2024, Komoro ilicheza mechi sita za kufuzu, ikashinda tatu, ikatoka sare tatu, na kumaliza kileleni kwa pointi 12, juu ya Tunisia, Gambia na Madagaska. Bahati ya mechi moja naielewa. Ya mechi sita mfululizo dhidi ya wapinzani watatu naomba nielezwe.

Mchambuzi wako aliitaja Tunisia, basi tuiangalie. Tarehe 11 Oktoba 2024 Rafiki Saïd aliifungia Komoro bao pekee ugenini, katika ardhi ambayo timu nyingi kubwa huridhika na sare. Siku nne baadaye zilirudiana, Komoro ikiwa mwenyeji, lakini mechi ilichezwa Abidjan, maili nyingi kutoka Moroni, na bado ikaisha 1-1. Timu inayolazimika kuwa mwenyeji katika nchi ya watu haiwezi kuambiwa imebebwa.

Kuhusu kejeli kwamba wachezaji wale ni Wafaransa waliovaa jezi ya kijani, niseme kwa kifupi. Wangazija, yaani watu wenye asili ya Komoro, wamejaa Marseille, Ufaransa, kama walivyojaa Zanzibar na Dar es Salaam kwa vizazi, na mtoto wao aliyezaliwa huko anapoitikia wito wa visiwa vya wazazi wake, hajaazimwa.

Ninachoomba kwenye kurasa zako ni mwandishi wa michezo atakayefuatilia mechi za kufuzu za jirani zetu hawa tangu ya kwanza, na atuandikie kwa nini mechi ile ya Tunisia haikuchezwa Moroni.

Msomaji wako,
Dar es Salaam