Tusihifadhi mawe na kuacha historia ya shule zetu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu uhifadhi wa majengo ya shule yaliyojengwa Nairobi wakati watoto walipotenganishwa kwa rangi zao.

Jengo kuu la Nairobi School, kando ya Waiyaki Way, lilisanifiwa na Herbert Baker, ambaye pia alisanifu Ikulu ya Nairobi. Lilifunguliwa mwaka 1931 likiitwa Prince of Wales, kwa ajili ya wavulana wa Kizungu peke yao. Wavulana wa Kihindi walikuwa na shule yao, Duke of Gloucester, ambayo leo ni Jamhuri. Mwafrika aliyetaka masomo ya sekondari alitazamia Alliance, iliyoanzishwa Kikuyu mwaka 1926, na nafasi zenyewe zilikuwa chache mno. Hata mwaka 1942, serikali ya kikoloni ilipofanya elimu kuwa ya lazima, amri hiyo iliwahusu watoto wa Kizungu pamoja na wavulana wa Kihindi wa miji mikubwa; mtoto wa Mwafrika hakutajwa.

Ninaunga mkono kwa dhati kuhifadhiwa kwa majengo hayo, kwa sababu kodi za Waafrika zilichangia hazina iliyoyagharamia. Kinachonisikitisha ni kwamba tukipima urithi kwa uzuri wa mawe na matao, tutabaki na upande mmoja tu wa historia. Shule za kujitegemea ambazo wazazi wa Kikuyu walizijenga kwa michango yao, pamoja na chuo cha walimu cha Githunguri kilichoanzishwa mwaka 1939, zilifungwa na serikali wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na nyingi hazikuacha ukuta wa kupigwa picha.

Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu mahali penye umuhimu wa kihistoria patangazwe katika gazeti rasmi la serikali, hata kama hapana jengo la fahari. Basi Makavazi ya Kitaifa yatambue pia viwanja vya shule hizo, na kila shule kongwe ya Nairobi iweke langoni kibao kinachoeleza waziwazi ni nani aliyeruhusiwa kusoma humo na nani aliyezuiwa. Wazee waliosoma enzi hizo wangali miongoni mwetu, ingawa wanapungua. Ushuhuda wao urekodiwe sasa, kabla ya kibao chochote kuandikwa.

Mwalimu mstaafu,
Nairobi