Usinunue Kikombe cha Shamroki Bila Kukigeuza

Kila inapokaribia Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, tunatumiwa picha za vikombe na mabuli yenye majani ya shamroki, mmea mdogo wa vijani vitatu ulio alama ya Ireland, na swali ni lilelile: hiki ni cha zamani kweli? Picha nyingi hupigwa ubavuni, na ubavu hausemi kitu. Kiwanda cha Belleek, kando ya Mto Erne katika kaunti ya Fermanagh, Ireland ya Kaskazini, kilianza kuchora shamroki za kijani juu ya kauri yenye sura ya ususi wa kikapu tangu karne ya 19, na hakijaacha. Kikombe cha miaka ya 1890 na cha juzi hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Tuonyesheni kitako. Mhuri wa Belleek una mbwa wa mawindo aliyeketi, kichwa kakigeuzia mnara mrefu, pembeni kuna kinubi, na vijani vya shamroki chini. Mhuri mweusi kwa kawaida ni wa kati ya 1863 na 1946. Baada ya hapo ukaja wa kijani, kisha wa rangi ya dhahabu kuanzia 1980.

Weusi nao haulingani. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka, ndipo utepe wenye maneno "Co. Fermanagh, Ireland" ukaongezwa mwaka 1891. Mhuri mweusi usio na utepe huo ndio wa kwanza, na hapo ndipo bei hupaa. Ukikuta na duara lenye maneno ya Kiayalandi "Deanta in Eirinn", hicho ni cha 1926 au baadaye, hata muuzaji akiapa ni cha enzi za Malkia Victoria.

Kuna wanaoona neno "Belleek" tu wakafungua pochi. Viwanda vya Trenton, New Jersey, navyo vililitumia jina hilo. Mhuri wa kiwanda cha Willets, kwa mfano, una nyoka aliyejikunja badala ya mbwa. Si feki, na vingine ni vizuri mno, lakini si vya Ireland na soko lake ni jingine.

Tukishajua umri, tunatafuta majeraha. Kauri hii ni nyembamba hivi kwamba ukiiinua kwenye taa unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, na ufa hujitokeza hapohapo. Igonge taratibu kwa ukucha: nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti butu. Mkono wa kikombe uchunguze pale unapoungana na mwili, maana gundi hupenda kujificha hapo. Ukiona dalili ya gundi, usikiloweke kwenye maji ya moto.

Kusoma mhuri kwa picha hatutozi chochote. Tutumie kitako, ukingo na mkono, mchana, bila flashi. Makadirio ya bei kwa ajili ya bima tunatoza, na hayo hatuandiki mpaka chombo kiwe mezani kwetu.